Printa iliyosafishwa mpaka ikazidi kuziba: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kisa hiki kinahusu printa ya wino ya nyumbani, ya aina inayojazwa wino kwa chupa kwenye matangi yaliyo ubavuni, ambayo familia moja iliitumia kuchapa mazoezi ya shule ya watoto, fomu na mara mojamoja picha. Majina, mahali na modeli ya mashine vimeondolewa. Kisa kimechaguliwa kwa sababu mashine hii haikuwa na hitilafu moja bali kadhaa zilizopandana, na kwa mtu anayeutazama ukurasa uliochapwa tu, zote zilionekana kuwa kitu kimoja: michirizi myeupe katikati ya maandishi. Mwenye printa alizitibu zote kwa dawa moja, na dawa hiyo ikaongeza ugonjwa.

Printa ilikuwa na rangi nne. Wino mweusi ulikuwa wa pigimenti, yaani wenye chembe ngumu ndogo sana zinazoelea ndani ya kimiminika pamoja na utomvu wa kuzishikiza kwenye karatasi; samawati, majenta na manjano zilikuwa za rangi iliyoyeyuka kabisa. Tofauti hiyo haionekani chupani, lakini huonekana mara tu wino unapokauka. Rangi iliyoyeyuka hukubali kuyeyuka tena maji yakirudi. Pigimenti ikikauka, chembe hushikana na utomvu hutengeneza utando ambao maji huulainisha polepole, na pengine huulainisha nusu tu. Kwa hiyo mashine iliyoachwa bila kazi mara nyingi huanza kupoteza rangi nyeusi, hata kama nyeusi ndiyo iliyokuwa ikitumika zaidi kuliko zote.

Kichwa cha kuchapia kilikuwa cha piezo, kimefungwa kwenye kigari kinachokwenda kushoto na kulia, na hakikutengenezwa ili mtumiaji akitoe. Katika kichwa cha aina hii, kipande chembamba cha fuwele hujipinda kinapopewa umeme na kusukuma tone la wino nje ya tundu. Tundu lenyewe lina upana wa takriban maikroni 20, ilhali unene wa unywele wa binadamu hukaribia maikroni 70, na tone linalotoka hupimwa kwa pikolita chache. Nguvu ya kurusha tone dogo kiasi hicho haiwezi kung'oa wino uliogandia kwenye tundu, na kwa sababu hiyo mashine imepewa njia nyingine ya kujizibua, ambayo ni kuvuta kutoka nje.

Njia hiyo ndiyo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo inafaa ielezwe kwa utulivu. Mwishoni mwa njia ya kigari kuna kikombe kidogo chenye mdomo wa mpira na sponji ndani yake, ambacho hupanda na kukumbatia sehemu ya chini ya kichwa kila printa inapopumzika. Kikombe hicho kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuyazuia maji ya wino yasipae kupitia matunduni. Ya pili ni kuwa mdomo wa pampu: mtumiaji anapotoa amri ya kusafisha kichwa, pampu iliyo chini hufyonza hewa ya kikombe, na upungufu huo wa hewa huuvuta wino kutoka tangini, kupitia mirija na kichwa, hadi nje ya matundu. Wino uliovutwa humwagwa kwenye sponji la taka lililo kwenye kitako cha mashine, na baadaye ulimi mwembamba wa mpira hupita ukifuta uso wa kichwa. Amri hiyo imepewa jina la kusafisha, lakini mashine haioshi chochote; inavuta, kisha inapangusa.

Jambo la mwisho la usuli ni tabia ya familia. Printa ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya pamoja na vifaa vingine, na kila karatasi ya mwisho ilipotoka mtu alizima swichi ya ukutani, si kitufe cha printa. Kitufe cha printa huipa mashine nafasi ya kukirudisha kichwa kwenye kikombe na kukifunika vizuri kabla ya umeme kukatika. Swichi ya ukutani haitoi nafasi hiyo, na kichwa kinaweza kubaki njiani, wazi, kikipigwa na hewa. Katika hali hiyo mashine ilikaa bila kutumika kwa takriban miezi minne.

Mlolongo wa matukio kabla ya ushauri

Siku printa ilipohitajika tena, ukurasa wa kwanza ulitoka ukiwa na maandishi meusi yaliyokatikakatika. Mwenye printa alitoa amri ya kusafisha kichwa, akachapa karatasi ya ukaguzi wa matundu, akaona nyeusi ina mapengo, akasafisha tena. Alirudia hivyo kwa jioni kadhaa mfululizo, na mwishowe akatumia usafishaji mkubwa, ule unaovuta wino mwingi zaidi. Nyeusi haikubadilika. Lililomshangaza ni kwamba samawati, ambayo ilikuwa kamili siku ya kwanza, ilianza kukatika, kisha ikapotea karibu nusu. Alipoomba ushauri, maneno yake yalikuwa: "Ndugu yangu, nimeisafisha mpaka wino unakaribia kwisha, na kila nikisafisha inazidi." Wakati huo alikuwa tayari ameshanunua spiriti na bomba la sindano, akiwa na nia ya kukipiga kichwa spiriti kwa nguvu.

Kulikuwa na bahati moja. Familia hiyo haitupi karatasi iliyochapwa upande mmoja, na karatasi zote za ukaguzi zilikuwa zimetumiwa na mtoto kufanyia hesabu upande wa nyuma, tena kila ukurasa umeandikwa tarehe juu kama shule inavyodai. Kwa hiyo iliwezekana kuzipanga kwa mfuatano wake wa kweli na kuzilaza mezani moja baada ya nyingine.

Karatasi ya ukaguzi huonyesha vistari vifupi vilivyopangwa mithili ya ngazi, kila kistari kikiwa kazi ya tundu moja au kundi dogo la matundu. Kistari kisipochapwa, tundu lake halikutoa wino. Watu wengi huhesabu mapengo tu, kisha huamua kama hali ni mbaya au nzuri. Idadi ya mapengo ina maana, lakini mahali yalipo, na kama mahali hapo hubadilika kati ya karatasi moja na inayofuata, pana maana kubwa zaidi.

Katika nyeusi, mapengo yalikuwa palepale tangu karatasi ya kwanza hadi ya mwisho: fungu moja la vistari karibu na juu ya ngazi, na mengine machache yaliyotawanyika chini. Ukiweka karatasi mbili pamoja na kuzielekeza kwenye mwanga, mapengo yalilaliana. Katika samawati, mapengo yalihama. Kistari kilichokosekana Jumatatu kilirudi Jumanne, na jirani yake akapotea. Manjano ilionekana kamili, ingawa manjano kwenye karatasi nyeupe humdanganya mtu kwa urahisi na hutakiwa kutazamwa chini ya mwanga mkali, ikiwezekana wa buluu, ambao huifanya ionekane kama giza.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kabisa kutoa amri ya kusafisha. Kila usafishaji hutumia wino wa rangi zote au za kundi zima, hata rangi ambazo hazina tatizo, na wino huo wote huishia kwenye sponji la taka ambalo mashine hulihesabia ujazo wake. Hesabu ikifika kikomo, printa hugoma kuchapa mpaka sponji libadilishwe au hesabu ianzishwe upya. Lakini sababu kubwa zaidi ilikuwa nyingine: vuta-nikuvute ya jioni kadhaa isiyozaa chochote kwenye nyeusi ilionyesha kwamba ama kizuizi kilikuwa kigumu kuliko nguvu ya pampu, ama nguvu ya pampu haikuwa ikikifikia kichwa. Mtu hawezi kuyatenganisha mawili hayo kwa kuongeza usafishaji mwingine.

Uamuzi wa pili ulitokana na zile karatasi. Pengo lisilohama ni dalili ya tundu lililozibwa na wino mkavu. Tundu hilo litabaki limefungwa leo na kesho. Pengo linalohama ni dalili ya hewa au ya upungufu wa wino unaofika kichwani, kwa kuwa kipovu husogea na wino unaosogea. Kwa hiyo nyeusi na samawati hazikuwa na ugonjwa mmoja, na kuzitibu pamoja lilikuwa kosa la msingi la hatua zote zilizotangulia. Ilikubaliwa kwamba samawati ishughulikiwe kwanza, kwa sababu hewa ni rahisi kuondoa kuliko wino mkavu, na kwa sababu tatizo lake lilikuwa jipya na bado linakua.

Uamuzi wa tatu, ambao ulionekana wa ajabu kwa mwenye printa, ulikuwa kuanza na kikombe badala ya kichwa. Printa iliwashwa, na kigari kilipoondoka kwenye kikombe waya wa umeme ulichomolewa, hivyo kigari kikaweza kusukumwa kwa mkono bila nguvu. Kikombe kilipoonekana waziwazi, hali yake ilijieleza. Mdomo wa mpira, ambao unatakiwa kuwa laini na sawa pande zote, ulikuwa na gamba la wino mweusi upande mmoja, limepanda juu ya ukingo kwa unene wa karatasi kadhaa, na ndani ya gamba hilo kulikuwa na unyuzi uliogandia ukiuvuka mdomo kutoka nje hadi ndani. Kila kikombe kilipopanda kukifunika kichwa, gamba liliugusa uso wa kichwa kabla ya mpira, na pembeni yake pakabaki mwanya.

Mwanya huo uliharibu kazi zote mbili za kikombe kwa wakati mmoja. Wakati wa kupumzika, uliruhusu wino uendelee kukauka hata pale kichwa kilipoegeshwa ipasavyo. Wakati wa kusafisha, uliipa pampu njia rahisi ya kuvuta hewa ya nje badala ya kuvuta wino kupitia matundu membamba. Ili kulithibitisha hilo, maji kidogo yaliyokenekwa, yaani yale yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji bila chumvi yoyote, yalidondoshwa kikombeni mpaka sponji likafunikwa, kisha ukafanywa usafishaji mmoja tu kwa ajili ya jaribio. Pampu inayofanya kazi ikiwa na mdomo uliofunga vizuri hukiacha kikombe kikiwa na unyevu tu. Hapa sehemu kubwa ya maji ilikutwa bado imesimama, imegeuka rangi ya kijivu.

Gamba liliondolewa kwa vijiti vya pamba vilivyochovywa kwenye maji hayohayo yakiwa vuguvugu, kwa kulowesha na kusubiri badala ya kukwangua, kwa sababu mdomo wa mpira uliochanika hauna tiba nyumbani. Ulimi wa kupangusia nao ulikuwa na ute mweusi uliokauka nusu, na ulisafishwa vivyo hivyo. Ulimi mchafu huupaka uso wa kichwa wino wa zamani kila unapopita. Jaribio la maji liliporudiwa, kikombe kilibaki kikavu kiasi, na sauti ya pampu ilikuwa nzito kuliko awali.

Ndipo likaja suala la samawati. Tangi lake lilikuwa limeshuka chini ya mstari wa kiwango cha chini, na kwenye mrija wake, ambao hupita wazi ndani ya mashine, vipande vya hewa vilionekana vimekatiza wino mahali kadhaa. Usafishaji wa jioni zile ulikuwa umelikausha tangi ambalo tangu mwanzo halikuwa na wino mwingi, mpaka hewa ikaingia mrijani. Tangi lilijazwa, na safari hii usafishaji mkubwa mmoja uliruhusiwa, kwa hoja kwamba sasa pampu ilikuwa na mdomo unaofunga na palikuwa na kitu cha kuvuta, yaani hewa iliyoko mrijani, ambayo usafishaji mdogo usingeifikisha hadi nje. Baada yake mashine ilizimwa kwa kitufe na kuachwa usiku kucha. Vitabu vya maelekezo vya printa nyingi za aina hii hutaka mapumziko ya saa kadhaa, mara nyingine 12, baada ya usafishaji uliorudiwa bila mafanikio, na watu hulipuuza agizo hilo kwa kudhani ni tahadhari ya wanasheria. Mapumziko yana kazi: vipovu vidogo vilivyobaki hujikusanya na kupanda, na wino uliotulia hulainisha kidogo ule uliogandia. Asubuhi samawati ilitoka kamili.

Nyeusi ilikuwa imepunguza mapengo mawili matatu tu, jambo lililoonyesha kwamba kuvuta peke yake, hata kwa pampu iliyopona, hakutatosha. Uamuzi wa nne ukawa kulowesha uso wa kichwa kutoka chini. Kipande cha karatasi ngumu isiyoacha nyuzi kilikunjwa kuwa ukanda mwembamba, kikaloweshwa maji yaliyokenekwa yenye uvuguvugu mpaka kikawa kimelowa bila kudondosha, kikawekwa kwenye njia ya kigari, na kichwa kikasukumwa kwa mkono kikakaa juu yake. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa muda wote huo.

Uchaguzi wa maji ulijadiliwa sana kwa sababu spiriti ilikuwa tayari imenunuliwa. Spiriti hukausha haraka, na katika wino wa pigimenti inaweza kuufanya utomvu ugande na chembe zishikane zaidi, mbali na kudhuru mipira na gundi za ndani ya kichwa. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia hutumiwa na wengine, na kwa kweli amonia hulainisha aina nyingi za wino, kwa kuwa wino nyingi za maji zina asili ya alkali. Lakini dawa hizo hubeba sabuni, manukato na viambato vingine visivyotajwa kwenye chupa, na amonia haitakiwi kukaribiana na dawa ya madoa yenye klorini kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Maji ya bomba yana chumvi zinazobaki tunduni baada ya maji kukauka, na kwa hiyo yanaweza kuzibua leo na kuziba wiki ijayo. Maji yaliyokenekwa hayana nguvu kubwa, ila hayana madhara, na katika mashine ambayo kichwa chake hakitoki ni busara kuanza na kisicho na madhara.

Baada ya saa kadhaa ukanda ulitolewa, na ulisema zaidi ya karatasi ya ukaguzi. Kulikuwa na mistari minne ya rangi iliyonyonywa kutoka matunduni. Mitatu ilikuwa imekolea mwanzo hadi mwisho. Mstari mweusi ulikuwa umekolea chini na kufifia juu, na mahali palipofifia palikuwa palepale penye fungu la mapengo. Matundu yaliyozibwa hayakuwa yameachia wino hata baada ya kukaa juu ya karatasi yenye maji, lakini rangi ya kijivu iliyoanza kujitokeza katikati ya sehemu hiyo ilionyesha kwamba utando umeanza kulegea. Zoezi lilirudiwa, mara hii kwa kimiminika kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya vichwa vya kuchapia, kisha ukafanywa usafishaji mmoja wa kawaida. Fungu la mapengo lilivunjika, yakabaki mapengo machache yaliyotawanyika.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kutotumia bomba la sindano. Mwenye printa aliutaka kwa hamu, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: mapengo yaliyobaki yalikuwa machache, na msukumo mmoja ungeweza kuyamaliza. Lakini kufikia vichomeo vya wino, yaani midomo ambamo wino huingilia, vya kichwa hicho kulihitaji kukitoa kwenye kigari, na juu ya kichwa kuna utepe wa nyaya unaobeba umeme wa kila tundu. Tone moja la maji likiingia kwenye viunganishi vyake na mashine ikawashwa, hupiga shoti na kuunguza kichwa pamoja na bodi kuu, na hapo hakuna tena cha kusafisha. Isitoshe, vyumba vya ndani vya kichwa cha piezo vina kuta nyembamba zilizounganishwa kwa gundi. Msukumo wa mkono usiopimika unaweza kuzitenganisha. Kwa mapengo machache, hatari hiyo haikuwa na malipo yanayolingana nayo.

Matokeo

Samawati na majenta zilibaki kamili. Nyeusi ilibaki na mapengo machache, ambayo hayakuonekana kwenye maandishi ya kawaida ila kwenye maeneo mapana yaliyojazwa rangi nyeusi kwa kasi ya juu. Printa ilipowekwa kwenye ubora wa juu zaidi, kichwa kilipita mara nyingi juu ya sehemu moja na tundu zima likachapa mahali tundu bovu liliporuka, hivyo michirizi ikatoweka. Kwa matumizi ya kila wiki, baadhi ya mapengo hayo yalijifunga yenyewe. Moja au mawili yalibaki.

Manjano ilipata athari ambayo ilitarajiwa kwa kiasi. Baada ya kichwa kukaa juu ya ukanda uliolowa, wino wa rangi jirani ulipenya kupitia maji na kuingia kwenye matundu ya manjano, na kurasa za kwanza zikatoka zikiwa na ukijani. Ilitibiwa kwa kuchapa kurasa zilizojazwa manjano tupu mpaka ikatakata. Kurasa za namna hiyo hutumia wino kidogo kuliko usafishaji, na hutumia ule wa rangi moja inayohusika tu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa hatua kuliko kimiminika chochote. Kikombe kilipotengenezwa kabla ya kichwa, kila hatua iliyofuata ilipata nguvu ambayo jioni zote za mwanzo hazikuwa nayo. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya vichwa vinavyotangazwa kufa majumbani huwa chini yake kuna kikombe kichafu, lakini kikombe hakitajwi kwenye menyu yoyote ya printa, kwa hiyo hakimjii mtu akilini. Jaribio la maji kidogo kikombeni huchukua dakika chache na halihitaji kifaa. Lingefanywa siku ya kwanza, lita za ushauri na mililita nyingi za wino zingeokolewa.

Kilichofuata kwa umuhimu ni karatasi za ukaguzi zilizohifadhiwa. Karatasi moja humwambia mtu kwamba kuna mapengo. Mbili zilizolinganishwa humwambia aina ya mapengo. Hili linahitaji kukaziwa kwa sababu tabia ya kawaida ni kukunja karatasi na kuitupa mara baada ya kuitazama, na kufanya hivyo ni kutupa ushahidi pekee ambao mashine iko tayari kuutoa. Ingetosha kuandika saa na hatua iliyotangulia pembeni mwa kila karatasi.

Kilichoshindikana ni kurudia amri ileile. Usafishaji wa kwanza na wa pili ulikuwa na mantiki. Ndivyo mashine inavyoelekeza. Kuanzia hapo, kila marudio yalifanya kazi tatu zisizotakiwa: yalipunguza wino kwenye tangi la samawati mpaka hewa ikaingia, yalijaza sponji la taka, na yaliongeza wino unaokauka kwenye mdomo wa kikombe ambao tayari ulikuwa hauzibi. Tatizo la samawati halikuwepo kabla ya tiba. Lilitengenezwa na tiba. Ni vigumu kumlaumu mtumiaji, kwa kuwa programu ya printa humuuliza kila mara, karatasi ya ukaguzi ikiisha kuchapwa, kama angependa kusafisha tena, na haimwonyeshi popote kiasi cha wino kinachotumika.

Ukanda wa karatasi uliolowa ulifaa, lakini si bila gharama. Mbali na kuchanganya rangi, ukanda ukiachwa muda mrefu mno huendelea kunyonya wino kutoka matunduni, na mrija ulio mtupu huingiza hewa. Saa kadhaa chini ya uangalizi zinatosha. Kuuacha kwa siku nzima au zaidi, kama baadhi ya watu wanavyoshauri, ni kubadilisha tundu lililoziba kwa mrija wenye hewa.

Chanzo cha yote, yaani swichi ya ukutani na miezi minne ya ukimya, kilirekebishwa kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote: printa ilihamishiwa soketi ya peke yake, ikawa inazimwa kwa kitufe, na ukurasa mdogo wenye rangi zote nne huchapwa kila wiki.

Kama kichwa kingekuwa cha aina nyingine

Maamuzi haya yalifungwa na aina ya kichwa, na msomaji asiyahamishe yote kwenye mashine yake bila kutazama kwanza. Katika printa nyingi za katriji, kichwa ni sehemu ya katriji yenyewe: vitundu na viunganishi vya shaba viko juu ya katriji na hubadilishwa nayo. Hapo kulowesha uso wa katriji kwenye karatasi yenye maji ya uvuguvugu ni hatua ya kwanza na ya haraka, kwa kuwa likiharibika jambo, kinachopotea ni katriji moja. Kukataa bomba la sindano nako hakungekuwa na uzito uleule kwenye kichwa kinachotoka kwa kulegeza komeo tu. Kichwa cha namna hiyo kinaweza kuoshwa nje ya mashine, kwa msukumo mdogo wa mkono ulio mwepesi, kimiminika kikiingia polepole kupitia kichomeo cha wino na kutoka chini.

Kuna pia vichwa vya joto, ambavyo kwavyo tone husukumwa na kipovu cha mvuke badala ya fuwele. Canon husimulia kwamba wazo hilo lilizaliwa mwaka 1977, pale chuma cha moto cha kuchomelea kilipogusa sindano ya bomba lililokuwa na wino na wino ukaruka nje. Ndani ya kila tundu kuna kikinza kidogo kinachopasha wino hadi takriban nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda mfupi sana, na wino huohuo ndio unaokipooza. Tundu lisilo na wino linapoendelea kupewa amri ya kuchapa, kikinza chake hupata joto bila cha kukipooza na kinaweza kuungua moja kwa moja. Kwa hiyo, katika kichwa cha joto, kuchapa kurasa nyingi zenye mapengo kwa matumaini kwamba wino utajifungulia njia ni hatari zaidi kuliko ilivyokuwa katika kisa hiki. Na kichwa chochote kilichotolewa na kuoshwa, kiwe cha joto au cha piezo, kinatakiwa kufutwa viunganishi vyake kwa kitambaa kikavu na kuachwa mahali penye hewa kwa siku nzima kabla ya kurudishwa, hata kama kwa macho kinaonekana kimekauka baada ya saa moja, kwa kuwa maji hujificha chini ya utepe wa nyaya na katikati ya pini.